Mashine Haijaua Picha za Sokoni, Sisi Ndio Tunazipima Vibaya

Kila wiki mitandaoni hupita picha mpya ya sokoni iliyotengenezwa na programu ya akili mnemba. Mwanamke ameketi nyuma ya rundo la nyanya, mwanga wa asubuhi umemwangukia begani, ngozi yake inaonyesha hadi vinyweleo, na kwenye jani la kabichi kuna tone la maji linalokaribia kudondoka. Chini yake maoni hugawanyika. Wapo wanaosema wachoraji wa uhalisia wafunge visanduku vyao vya rangi, maana kilichokuwa kikiwachukua miezi sasa kinapatikana kwa sekunde. Wapo pia wanaokimbilia kuwatetea kwa kutuma video ya mtu aliyechora samaki kwa penseli, wakisema huwezi kuutofautisha mchoro wake na picha ya kamera. Wanabishana kwa ukali, lakini kipimo chao ni kimoja: kufanana. Nami naona kipimo hicho ndicho chanzo cha mkanganyiko wote.

Msimamo wangu ni kwamba picha za wauza sokoni na za chakula cha kila siku hazikupata heshima yake kwa kufanana na vitu. Zilipata heshima pale mchoraji alipoijua kazi inayofanyika mbele yake, yaani nani anapima, nani analipa, nani amechoka, kisu kimekaa wapi, na pale alipowapa watu hao ukubwa na muda ambao wenzake waliwawekea wafalme na watakatifu. Kufanana kulikuwa chombo tu cha kuifikia shabaha hiyo. Anayesema mashine imemaliza kazi hii, na anayeitetea kazi hiyo kwa kusema mkono wa binadamu nao unaweza kuiga kamera, wote wawili wanazungumzia chombo na kuiacha shabaha.

Dharau dhidi ya picha hizi ni ya kale mno. Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyeishi karne ya 1, anamtaja mchoraji wa Kigiriki aliyeitwa Piraeicus, ambaye alichora maduka ya vinyozi, vibanda vya washona viatu, punda na vyakula. Watu walimpachika jina la kumkejeli, mchoraji wa mambo machafu. Hata hivyo Pliny huyohuyo anaeleza kwamba vipicha vyake viliuzwa kwa bei kubwa kuliko kazi kubwakubwa za wachoraji wengi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1667, André Félibien wa Ufaransa alipanga ngazi ya aina za uchoraji: juu kabisa matukio ya historia na dini, kisha sura za watu, wanyama, mandhari, na chini kabisa matunda, maua na vitu visivyo na uhai. Ngazi hiyo ilitawala vyuo vya sanaa vya Ulaya kwa vizazi. Jean-Baptiste-Siméon Chardin, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ya 18, alipopokelewa na Akademia ya Kifalme, chama rasmi cha wachoraji wa Ufaransa, mwaka 1728 aliandikishwa kama mchoraji wa wanyama na matunda. Moja ya picha alizozipeleka ilikuwa ya samaki aina ya taa aliyepasuliwa tumbo na kutundikwa jikoni, na leo iko katika jumba la Louvre. Kwa hiyo hoja kwamba muuza mboga hastahili kazi kubwa ya mikono si mpya. Leo imepata sababu nyingine tu, kwamba mashine inatosha.

Tukitaka kuelewa kinachopotea, turudi Antwerp, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya Ulaya katikati ya karne ya 16. Mwaka 1551 mchoraji Pieter Aertsen alichora kibanda cha nyama, na picha hiyo sasa iko Uppsala, Uswidi. Sehemu ya mbele yote imejaa bidhaa: kichwa cha ng'ombe kilichochunwa ngozi ambacho jicho lake linakutazama, soseji, miguu ya nguruwe, siagi, mikate ya kusokotwa, na samaki wawili aina ya heringi waliopishanishwa juu ya sahani. Ukitazama nyuma, kupitia uwazi mdogo kati ya vyakula, unaiona Familia Takatifu ikikimbilia Misri, na Maria akimpa mtu mkate. Juu upande wa kulia kuna tangazo la kuuza ardhi, fito 154 kwa kipimo cha wakati huo, ziuzwe kidogokidogo au zote kwa pamoja. Nyama inauzwa, ardhi inauzwa, na katikati yake kuna mtu anayetoa bila kuuza. Mtu anaweza kubishana kuhusu Aertsen alikusudia nini hasa, lakini hawezi kusema alikuwa anaiga tu kilichokuwa mezani. Alichagua nini kije mbele na nini kirudi nyuma, akaupindua mpangilio ambao kila mtazamaji wa wakati ule aliuzoea, wa utakatifu mbele na chakula pembeni.

Joachim Beuckelaer, aliyejifunza kwake na ambaye pia alikuwa mpwa wa mkewe, aliendeleza njia hiyo. Mwaka 1569 na 1570 alichora picha nne kubwa za ardhi, maji, hewa na moto, ambazo ziko National Gallery ya London. Ardhi ni mboga na matunda, maji ni meza ya samaki, hewa ni ndege wa kufugwa, moto ni jiko. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu pana jambo ambalo mjadala wa leo unalipita. Wachoraji wa aina hii hawakusita kukusanya katika meza moja mazao ambayo hayaivi kwa wakati mmoja, wala kulundika wingi ambao hakuna muuzaji mmoja angeweza kuubeba. Kabichi yenyewe, ukiitazama peke yake, ni kweli tupu: mtu aliishika, akaigeuza, akaona mshipa wa jani unavyogawanyika. Mpangilio ndio wa kubuni. Picha za programu zimegeuza jambo hilo juu chini. Mpangilio wake unakubalika kabisa, kwa kuwa umetokana na wastani wa maelfu ya picha za masoko, lakini kila kitu ndani yake hakina asili. Nyanya ile haikuwahi kuwa nyanya fulani. Hakuna aliyeinunua ili aichore, hakuna aliyeiona ikianza kulainika siku ya tatu.

Nimetazama picha nyingi za programu hizi, na mahali pa kwanza ninapopeleka macho ni mikononi. Zamani kosa lililochekwa lilikuwa idadi ya vidole, na kosa hilo limepungua sana. Lililobaki ni zito zaidi: mara nyingi mikono haifanyi kazi. Imelala juu ya mazao, au imeinua tunda kumwelekea mtazamaji, na muuzaji anatabasamu. Pesa hazionekani zikibadilisha mikono. Mizani ipo kama pambo, na sahani zake ziko sawa ingawa upande mmoja una mzigo. Linganisha na duka la nyama alilolichora Mwitalia Annibale Carracci miaka ya 1580, picha iliyoko Oxford, katika chuo cha Christ Church. Mmoja ameinua mizani ya mkono na kuangalia kipimo. Mwingine amepiga goti akimkandamiza kondoo chini. Askari mwenye mkuki amejipinda vibaya akitafuta pesa kwenye mfuko wake, na huyo mteja mwenye mavazi ya fahari ndiye pekee anayeonekana kituko. Wauza nyama wametulia, wanajua wanachokifanya. Carracci alionyesha heshima ya kazi kwa kuonyesha ustadi wa kazi, bila kumwambia muuza nyama atabasamu.

Yuko tena yule mtu anayekula maharagwe, wa Carracci huyohuyo, aliyeko jumba la Colonna mjini Roma. Bakuli lake lina kunde, zile zenye jicho jeusi. Kuna mkate, vitunguu vibichi, bilauri ya divai. Kijiko kiko njiani kati ya bakuli na mdomo, mchuzi unadondoka, mdomo uko wazi, na macho yake yamekukazia kana kwamba umeingia bila hodi. Kucha ni nyeusi kwa udongo. Mtu huyu ana njaa na hana muda na wewe. Ukiitazama kwa kipimo cha kufanana, picha hii ina kasoro, brashi yake imekwenda kwa haraka na sehemu nyingine hazijalainishwa. Ukiitazama kwa kipimo cha ujuzi wa maisha ya mtu aliyetoka kazini, ni vigumu kuikuta inayoizidi.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ile inayosema kwamba chombo kipya kikiweza kuonyesha sura ya vitu kwa usahihi, uchoraji wa uhalisia hauna kazi tena. Hoja hiyo tayari ilishajaribiwa na historia. Mbinu ya Louis Daguerre ya kunasa picha ilitangazwa Paris mwaka 1839. Kama kufanana ndiko kulikuwa roho ya uhalisia, basi uhalisia ungepaswa kufa miaka hiyo. Ilikuwa kinyume. Ilikuwa mwaka 1849, miaka kumi baada ya kamera, ndipo Mfaransa Gustave Courbet alipowachora wapasua mawe wawili kwa ukubwa wa binadamu halisi, picha iliyoteketea vitani mwaka 1945. Mwaka 1855 alijenga ukumbi wake mwenyewe Paris na kuupa jina la uhalisia. Mwaka 1885 Vincent van Gogh aliwachora wakulima wa Nuenen wakila viazi chini ya taa, baada ya kukaa miezi akichora nyuso na mikono yao, na akamwandikia ndugu yake kwamba alitaka ionekane kuwa mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo iliyolima ardhi. Mwaka 1895 Léon Lhermitte alimaliza picha ya soko kuu la Paris, Les Halles, upana wake ukipita mita 6, wachukuzi na wauza mboga wakiwa wamejaa kona hadi kona. Wote hawa walikuwa na kamera katika zama zao. Kamera iliwaondolea mzigo wa kuthibitisha sura, wakabaki na swali gumu zaidi la nani achorwe, kwa ukubwa gani, na akifanya nini.

Mtu atasema mfano huo haufai, kwa sababu kamera ilihitaji muuzaji awepo mbele yake na programu haimhitaji. Nakubali, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Lakini inaunga mkono upande wangu. Mpiga picha alilazimika angalau kufika sokoni. Programu imeondoa hata hatua hiyo, kwa hiyo pengo kati yake na kazi ya Carracci ni pana kuliko pengo kati ya Carracci na kamera.

Hoja nzito inatoka kwingine kabisa. Kuna wanaosema picha hizi tangu mwanzo zilikuwa burudani ya matajiri, umaskini uliotiwa fremu, na kwamba kuzililia ni kulilia dhuluma yenye rangi nzuri. Hoja hii siwezi kuipuuza. Wauza matunda na samaki waliochorwa na Vincenzo Campi wa Cremona karibu mwaka 1580 walipamba kasri la Hans Fugger, wa ukoo wa mabenki wa Augsburg, mtu ambaye hakuwahi kupanga foleni kununua samaki. Campi huyohuyo aliwachora walaji wa jibini laini wakicheka midomo ikiwa imejaa, na ni wazi mtazamaji alialikwa awacheke. Picha nyingine za Antwerp zina utani wa kimapenzi unaomdhalilisha muuzaji mwanamke. Na karibu wote hawana majina. Mwanamke mzee anayekaanga mayai katika picha ya Mhispania Diego Velázquez ya mwaka 1618, iliyoko Edinburgh, anaonekana kuwa ndiye huyohuyo aliyesimama jikoni katika picha yake nyingine ya mwaka huo, ile ya Martha na Maria iliyoko London. Mchoraji alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 20. Kazi yake ya maisha tunaijua kwa kirefu, ya mama huyo hatuna hata jina.

Hata hivyo, hoja hiyo inaziweka picha zote kapu moja, na hapo ndipo inapopungukiwa. Tazama namna Velázquez alivyomchora mama yule. Mayai yako katikati ya kuiva, ute umeanza kuwa mweupe pembeni lakini bado haujashika. Kisu kimelazwa juu ya bakuli jeupe na kivuli chake kinapinda kufuata umbo la bakuli. Mama hatazami mayai, hamtazami mtoto aliyeshika tikiti na chupa, hatutazami sisi; mkono wake unajua kazi bila kuangaliwa. Hakuna kicheko hapa, wala huruma ya kumdhalilisha. Francisco Pacheco, mwalimu wake na baadaye baba mkwe wake, alijitokeza kuzitetea picha hizi za jikoni na vilabuni wakati wengi waliziona duni. Louise Moillon naye, akiwa na miaka 20 hivi mwaka 1630, alimchora muuza matunda na mteja wake wakiwa wanawake wawili wanaofanya biashara, kila mmoja na hesabu zake, bila kumfanya yeyote kichekesho. Tofauti kati ya picha hizi na za Campi ni ya maadili, na inaonekana kwa macho. Kipimo cha kufanana hakiwezi kuiona tofauti hiyo kabisa, kwa sababu Campi naye alikuwa fundi hodari wa kufananisha.

Kuna pia wanaosema kwamba picha za zamani zilikuwa mafumbo ya kidini na kimaadili, si uhalisia hata kidogo. Wataalamu wa sanaa ya Uholanzi walivutana sana juu ya hili, Eddy de Jongh akisisitiza maana zilizofichwa, Svetlana Alpers akisisitiza kwamba utamaduni ule ulithamini kuona na kueleza vitu vyenyewe. Mimi sioni kwa nini tuchague upande mmoja. Samaki anaweza kubeba fumbo na bado akanuka.

Matokeo ya kupima vibaya hayaishii kwenye ladha. Picha hizi ni ushahidi. Giovanni Stanchi alichora matunda mjini Roma kati ya mwaka 1645 na 1672, na tikiti lake lililopasuliwa lina nyama iliyofifia, yenye duara nyeupe zinazozunguka. James Nienhuis, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwahi kuitumia picha hiyo kuwafundisha wanafunzi jinsi binadamu alivyolibadilisha tunda kwa kuchagua mbegu. Wengine wamempinga, wakisema huenda tikiti lile halikuiva au halikupata maji ya kutosha. Ubishi huo wenyewe unawezekana kwa sababu moja tu: lilikuwepo tikiti. Mtu wa miaka 300 ijayo akikutana na rundo la picha za masoko za wakati wetu, nyingi zikiwa zimetoka kwenye programu, hatakuwa na cha kubishania. Atapata mazao yaliyosawazishwa, mizani isiyopima, na wauzaji ambao hawakuwahi kuamka alfajiri. Hatari ni kubwa zaidi kwa sababu programu hujifunza kutoka kwa picha zilizopo, na kadiri picha za kubuni zinavyoongezeka, ndivyo nazo zinavyoweza kuwa malighafi ya zinazofuata.

Hapa nisieleweke kuwa nadai mchoraji lazima asimame sokoni na ubao wake. Renato Guttuso alilichora soko la Vucciria la Palermo mwaka 1974 akiwa mbali kaskazini mwa Italia, karibu na Varese. Ni picha ya mita 3 kwa mita 3, imejaa nusu ya ng'ombe aliyetundikwa, samaki, mayai, jibini, na njia nyembamba ambamo watu wanapishana bila kutazamana. Kumbukumbu ilimtosha kwa sababu alikuwa mtu wa Sicily, aliyezaliwa Bagheria jirani na Palermo, na alijua njia ile inavyobana. Ujuzi huo ndio unaohitajika, uwe umepatikana kwa kukaa pale leo au kwa utoto mzima. Hata anayetumia programu kama hatua ya kupanga mawazo sina ugomvi naye, ikiwa mwishowe anaweza kujibu yule muuzaji anashika nini na kwa nini.

Kwa hiyo walimu wa uchoraji wangefanya vema kupunguza saa za kunakili picha za simu kwa viraba, na kuziongeza saa za kuchora mtu akiwa kazini, anayesogea, ambaye hatatulia kwa ajili yako. Zoezi hilo linamlazimisha mwanafunzi aelewe mzigo unabebwa na bega gani kabla hajachora bega. Majumba ya maonyesho yaanze kuandika, pale muuzaji anapokubali, jina la aliyechorwa na kazi yake kwenye kibandiko kilekile chenye jina la mchoraji. Hilo lingejibu sehemu ya hoja ya dhuluma kuliko makala yoyote. Nao waandaaji wa mashindano waache kutoa zawadi kwa mchoro unaofanana zaidi na picha ya kamera. Kigezo hicho kimekwisha kuipa programu ushindi kabla mchoraji hajanunua kanvasi, na kukibadilisha hakuhitaji fedha, kunahitaji mistari michache tu kwenye tangazo la shindano lijalo.